Yuzuru Hanyu na Mruko wa Alama Moja

Kila Olimpiki ya majira ya baridi inapokaribia, video ileile hurudi kuzunguka kwenye simu zetu. Kijana mwembamba wa Kijapani anakuja kwa kasi juu ya barafu, anaruka akizunguka kama pia, anatua, anaanguka. Anainuka na kuendelea na mchezo wake hadi mwisho, kisha anainama kwa heshima mbele ya watu. Aliyetuma video ameandika kwamba huyu ndiye mtelezaji bora kuwahi kutokea duniani. Ukitafuta matokeo ya siku ile unakuta alishika nafasi ya nne.

Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, na wana haki. Bora kuwahi kutokea, lakini wa nne? Halafu mwingine anakumbusha kwamba mtu huyuhuyu alishawahi kuanguka mara mbili na bado akachukua dhahabu. Mwingine anasema alistaafu mwaka 2022, ilhali bado kuna picha zake akijaza kumbi. Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka na Yuzuru Hanyu ndiye aliyenifanya niupende, kwa hiyo nitajaribu kuufumbua mkanganyiko huu taratibu, tukianzia kwenye mchezo wenyewe.

Kiswahili hakijakubaliana jina moja la mchezo huu, kwa hiyo hapa nitauita mtelezo wa madaha. Mchezaji huvaa viatu vyenye ukanda mwembamba wa chuma chini ya soli, huteleza juu ya barafu kwa kufuata muziki, na ndani yake huweka miruko, mizunguko ya kusimama mahali pamoja na hatua za miguu. Wengi wetu barafu tunaijua kwenye friji tu, labda uwe umefika kwenye ule uwanja mdogo wa hoteli ya Panari pale Nairobi, ambako timu ya Ice Lions ilijifunzia mpira wa magongo wa barafuni. Mashindano yana sehemu mbili, zinazochezwa siku tofauti: programu fupi ya dakika mbili na nusu hivi, halafu programu ndefu ambayo kwa wanaume sasa ni dakika nne. Alama za siku zote mbili hujumlishwa.

Kuhusu utoaji wa alama, fikiria mashindano ya ushairi. Shairi lina arudhi: vina, mizani, beti. Hayo yanahesabika, na ukikosa mizani umekosa. Lakini shairi linaweza kutimia vina na mizani na bado likawa baridi, halimgusi mtu. Waamuzi wanaojua kazi yao hupima vyote viwili. Mtelezo wa madaha nao una fungu la ufundi, yaani umeruka nini na umetuaje, na fungu la sanaa, yaani umeteleza vipi, umeupanga vipi mchezo wako, muziki umeingia mwilini au umebaki kwenye spika.

Kwenye ufundi, kila mruko una alama yake ya msingi, kama bei iliyobandikwa kwenye bidhaa. Tofauti na mpira, ambako bao la tikitaka na bao la kusukuma kwa goti yote ni bao moja, huku ugumu unalipwa. Salchow, moja ya aina za miruko, ikiwa ya mizunguko mitatu ina bei ndogo. Ya mizunguko minne bei yake ni zaidi ya maradufu. Kisha majaji tisa hutazama ubora wa mruko na kupandisha au kushusha bei hiyo. Mtelezaji akianguka, ubora hushushwa hadi chini kabisa na alama moja zaidi hukatwa.

Sasa twende Sochi, Februari 2014. Hanyu alikuwa na miaka 19. Katika programu fupi alipata 101.45, akawa wa kwanza kuvuka alama 100. Siku ya pili alianguka mara mbili, mara ya kwanza kwenye mruko wake wa kwanza kabisa, Salchow ya mizunguko minne. Akashinda dhahabu kwa jumla ya 280.09, mbele ya Patrick Chan wa Kanada, na Hanyu akawa mwanamume wa kwanza kutoka Asia kulitwaa taji hilo.

Kuna wanaoamini kwamba alibebwa. Tupige hesabu. Kwa kanuni za wakati ule Salchow ya mizunguko minne ilikuwa na msingi wa 10.5. Kwa kuanguka ilishushwa 3, ikakatwa na ile moja ya anguko, zikabaki 6.5. Salchow ya mizunguko mitatu iliyotuliwa vizuri msingi wake ulikuwa 4.2. Aliyethubutu akaanguka alibaki na zaidi ya yule aliyecheza salama, ilimradi mizunguko yote minne iwe imetimia hewani kabla hajaanguka. Chan naye aliteleza vibaya siku ile, na Hanyu alikuwa ameingia na akiba ya karibu alama nne kutoka programu fupi. Hakuna aliyebebwa. Kanuni ndizo zilizosema hivyo.

Lakini kanuni hizo hazipo tena, na watu wengi bado wanazibishania kana kwamba zipo. Mwaka 2018 Shirikisho la Kimataifa la Skeiti, ISU, lilibadili mizani. Ubora ambao zamani ulipimwa kuanzia kupunguza 3 hadi kuongeza 3, sasa hupimwa kuanzia kupunguza 5 hadi kuongeza 5, na bei za miruko mikubwa zilishushwa. Salchow ileile sasa ina msingi wa 9.7, ukianguka unapoteza nusu, kisha moja ya anguko, unabaki na 3.85. Ile ya mizunguko mitatu iliyo safi ina 4.3. Anguko lililolipa Sochi leo lingekuwa hasara.

Badiliko hilohilo linaeleza utata wa rekodi. Mwishoni mwa 2015 Hanyu alifanya kitu ambacho mimi mpaka leo nikikitazama nywele hunisimama. Nagano, mwezi Novemba, akapata 322.40, wa kwanza kupita 300. Wiki mbili baadaye, Barcelona, akapandisha hadi 330.43. Ukisoma leo kwamba Nathan Chen wa Marekani ana alama nyingi kuliko hizo, usizilinganishe moja kwa moja. ISU ilifunga daftari la zamani mwaka 2018 na kuzihifadhi rekodi zake kama za kihistoria, kisha ikafungua daftari jipya. Kulinganisha alama za madaftari mawili ni sawa na kulinganisha shilingi ya kabla na baada ya noti kubadilishwa. Katika madaftari yote mawili, Hanyu alivunja rekodi za dunia mara 19.

Huyu mtu alitoka wapi? Alizaliwa Sendai, kaskazini-mashariki mwa Japani, Desemba 1994. Alikuwa na pumu tangu mdogo. Alianza kuteleza akiwa na miaka minne kwa kumfuata dada yake uwanjani, na mtu anayemuona akihema sana kila anapomaliza programu anapaswa kukumbuka mapafu yale. Alimwabudu Evgeni Plushenko wa Urusi kiasi cha kunyoa nywele kwa mtindo wake. Uwanja wake wa nyumbani ulifungwa kwa kukosa fedha alipokuwa mtoto, ukafunguliwa tena mwaka 2007.

Tarehe 11 Machi 2011, akiwa na miaka 16, alikuwa mazoezini pale Sendai tetemeko lilipopiga. Alikimbia nje na viatu vya kutelezea miguuni, vile vyuma vikisugua lami. Familia yake ililala kwa siku kadhaa kwenye kituo cha waathirika, na uwanja ukafungwa tena. Alifikiria kuacha kabisa. Alichofanya badala yake ni kuzunguka Japani akiteleza kwenye maonyesho, yapata 60 kwa miezi michache, kwa sababu kwenye onyesho kuna barafu, na kwenye barafu angeweza kujizoeza kabla na baada ya watu kuingia. Mwaka uliofuata, mjini Nice, alipata shaba ya dunia akiwa na miaka 17, kisha akahamia Toronto kwa kocha Brian Orser.

Tetemeko lile lilimwachia kitu kizito moyoni. Baada ya dhahabu ya Sochi, waandishi walipomuuliza kuhusu watu wa Sendai, hakujisifu. Alisema anajiona hana uwezo, kwamba medali yake haijawasaidia moja kwa moja. Mirabaha ya kitabu chake cha maisha aliielekeza kwenye uwanja uleule wa nyumbani.

Wanaomwona akiinama kila upande, akiishukuru hata barafu, humdhania mpole tu. Mpole ni kweli. Lakini ndani yake kuna ubishi wa ajabu, na hakuna mashindano yanayouonyesha kama ya Shanghai, Novemba 2014. Katika dakika za kupasha mwili kabla ya programu ndefu aligongana kwa kasi na Han Yan wa China. Alilala kwenye barafu, damu ikimtoka. Akafungwa bandeji kichwani na kidevuni, akarudi, akacheza. Alianguka mara tano. Akapata medali ya fedha. Mashabiki wengi huisimulia siku ile kama hadithi ya ushujaa. Mimi siwezi. Mtu aliyegonga kichwa namna ile alipaswa kuzuiwa na watu wazima waliokuwa karibu naye, na ningependa kijana yeyote anayetazama video ile aambiwe hivyo. Naitaja kwa sababu huwezi kumwelewa Hanyu bila kuujua ubishi huo. Ndio uliompeleka mbali, na ndio uliomwumiza mara kwa mara.

Novemba 2017, Osaka, akifanya mazoezi ya mruko mwingine mgumu, alichanika kano za kifundo cha mguu wa kulia, ule anaotulia. Hakushindana tena hadi Olimpiki ya Pyeongchang, miezi mitatu baadaye. Alifika akiwa anatumia dawa za maumivu, akapata 111.68 kwenye programu fupi, akamaliza na 317.85. Programu yake ndefu iliitwa Seimei, kwa jina la Abe no Seimei, mnajimu wa kale wa ikulu ya Japani, na vazi lake jeupe lenye mikono mipana lilitoka katika enzi hizo. Hakuna mwanamume aliyekuwa ametetea dhahabu hiyo tangu Dick Button wa Marekani, 1948 na 1952. Serikali ya Japani ilimpa Tuzo ya Heshima ya Wananchi, na hakuna mtu aliyewahi kuipata peke yake akiwa na umri mdogo kuliko wake.

Muziki ulipoisha, barafu ilifunikwa na madubu wa manjano wa kitambaa. Nimeulizwa mara nyingi maana yake. Hanyu alikuwa na boksi la tishu lenye umbo la Winnie the Pooh, alikwenda nalo kila mashindano, na mashabiki wakaanza kumtupia madubu hao kila anapomaliza. Aliyewahi kuingia kwenye taarab anajua: mwimbaji akikuna moyo, watu hawakai kwenye viti, wanakwenda kumtunza. Wale madubu ni tunzo. Nao hawatupwi, hutolewa kwa watoto na vituo vya misaada katika mji wa mashindano.

Kwa mchezaji wa kawaida hadithi ingeishia hapo. Alikuwa na miaka 23 na dhahabu mbili. Akatangaza kwamba amebakiza jambo moja tu, Axel ya mizunguko minne.

Simama uani ukitazama mlango wa nyumba, ruka, ugeuke hewani utue ukiupa mlango mgongo. Umezunguka nusu. Watelezaji hutua wakirudi nyuma, karibu daima. Katika aina sita za miruko, tano huanza pia kwa kurudi nyuma, kwa hiyo mizunguko minne ni minne kamili. Axel, iliyopewa jina la Axel Paulsen wa Norway aliyeiruka mwaka 1882, ndiyo pekee inayoanza ukitazama mbele. Lazima uongeze ile nusu. Axel ya mizunguko minne kwa hakika ni minne na nusu, yote ndani ya muda usiofika sekunde moja, na mwili unashuka ukiwa na mzigo mzito kuliko mruko mwingine wowote. Hakuna aliyekuwa ameituliza kwenye mashindano.

Angalia sasa bei yake. Kabla ya 2018 ilikuwa na msingi wa alama 15. Kanuni mpya zikaishusha hadi 12.5. Mruko unaoifuata kwa ugumu, Lutz ya mizunguko minne, una 11.5, na watelezaji kadhaa walikuwa wanautulia. Hanyu angeweza kutumia miaka yake minne kuuimarisha huo. Akachagua mruko ambao haujawahi kutuliwa na mtu, wenye hatari ya kumvunja mguu, kwa faida ya alama moja.

Hakuwa hajui. Alikuwa amesoma kwa masafa Chuo Kikuu cha Waseda, na tasnifu yake ilihusu kutumia vifaa vya kunasa mwendo wa mwili katika mtelezo wa madaha, ikiwamo kuwasaidia waamuzi. Hesabu ya alama aliijua kuliko wengi wanaoitoa. Lakini kocha wake wa utotoni, Shoichiro Tsuzuki, alimfundisha kwamba Axel ndiyo mfalme wa miruko, na mtoto yule hakulisahau. Korona ilipofunga mipaka alibaki Sendai akijizoeza peke yake usiku, bila kocha pembeni, akianguka na kuinuka. Desemba 2021 aliijaribu kwa mara ya kwanza mashindanoni, Saitama, akatua kwa miguu miwili na mizunguko haikutimia.

Tukafika Beijing. Tarehe 8 Februari 2022, katika programu fupi, chuma cha kiatu chake kiliingia kwenye shimo dogo juu ya barafu wakati anaruka Salchow. Mizunguko minne ikawa mmoja, na mruko ule haukumpa hata alama moja. Alikuwa wa nane. Dhahabu ilikuwa imekwenda. Shaba bado ilikuwa karibu, na njia ya busara ilikuwa wazi: aruke Axel ya mizunguko mitatu, ambayo kwake ilikuwa kama kunywa maji na ambayo msingi wake ni 8.

Tarehe 10 akairuka ile ya minne. Ikakosa kidogo mzunguko, akaanguka. Kwa upungufu huo msingi ulishuka kutoka 12.5 hadi 10, anguko likaondoa nusu, zikabaki 5, na ile moja ya adhabu ikaziacha 4. Alilipwa nusu ya kile ambacho angepata kwa mruko wa salama. Alimaliza wa nne kwa 283.21, nyuma ya Chen na Wajapani wenzake wawili, Yuma Kagiyama na Shoma Uno. Kati yake na shaba palikuwa na alama 9.79. Ile Salchow iliyomezwa na shimo, peke yake, ina msingi wa 9.7.

Siku chache baadaye aliwaeleza waandishi kwamba ndani yake kuna mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akimwambia aruke, na kwamba mruko ule wa Beijing waliuruka pamoja, kwa mtindo uleule wa utotoni. Watu wanaoilia video ile wanalilia hilo.

Hapa pana kosa moja ambalo hata mashabiki wake hulirudia, kwamba ndiye wa kwanza kuituliza Axel ya mizunguko minne. Siye. Kwake ISU iliandika rasmi kwamba jaribio lilikuwa la mruko huo, wenye upungufu na anguko. Aliyeituliza ikakubaliwa ni Ilia Malinin wa Marekani, Septemba 2022, pale Lake Placid, akiwa na miaka 17. Kumpa Hanyu sifa isiyo yake ni kumpunguzia ile aliyoitafuta kwa jasho.

Kuhusu kustaafu, tarehe 19 Julai 2022 alitangaza mjini Tokyo kwamba hatashindana tena na kwamba anakuwa mtelezaji wa kulipwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mashindano ndiyo aliyoyaacha. Februari 2023 aliteleza peke yake, onyesho zima, mbele ya watu 35,000 katika Tokyo Dome, na mazoezi yake hayakupungua. Neno kustaafu yeye mwenyewe hakulipenda.

Tangu Machi 2023 ameandaa pia onyesho la kumbukumbu ya tetemeko, katika mji wa Rifu karibu na Sendai. Ukumbi ni ule ambao mwaka 2011 ulitumika kulaza miili ya waliokufa, familia zikipita kuwatafuta watu wao. Anaweka barafu juu ya sakafu hiyo, anawaalika watelezaji wenzake, na wanateleza.